Hapa Tunataka Mabonge

Niliingia katika kazi ya chuma kwa sababu mtu mmoja pale Rulenge alisahau neno moja. Mradi wa kijiji cha ujamaa upande wa Kaniha ulikuwa umetuma ujumbe kwamba unatafuta mtu wa kupika mawe. Ujumbe ukapita kwa dereva wa lori, ukapita kwa mwenye duka, ukapita kwa shangazi yangu, na ulipofika kwangu mawe yalikuwa yameshadondoka njiani. Nikaambiwa mradi unatafuta mtu wa kupika. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nilikuwa nimesaidia jikoni kwa masista, na nilikuwa na mwiko wangu mwenyewe. Nikapanda juu ya magunia ya maharage kwenye lori la kwenda Biharamulo, mwiko mkononi, aproni kikapuni, nikajiona nimeshapata kazi ya maisha. Kumbe ni kweli nilikuwa nimeipata, ila si ile niliyodhani.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie nilivyoanza, hasa mjue kwa nini sikukubali hata siku moja tanuri liwashwe kabla sijatia mkono wangu kwenye mchanganyiko. Mlikuwa mkicheka, mkisema mama anaonja mboga. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo nilivyopata havijazi ukurasa, na mishahara tunaijua sote. Nitaanza pale nilipoteremka kwenye lori.

Aliyenipokea alikuwa Injinia Kamugisha, Mhaya mrefu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa amesomea ng'ambo mambo ya kutayarisha mawe ya chuma, akarudi na koti zito la huko, akalivaa katika jua letu bila kulalamika. Alizungumza polepole kama mtu aliye kanisani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kupika?"

"Ndiyo, mzee."

Alikuwa hajafika umri wa kuitwa mzee, lakini hakukataa. Akautazama mwiko wangu kwa muda.

"Unaweza kusonga ugali usio na mabonge?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba masista walikuwa wakilitafuta bonge katika ugali wangu kwa taa na hawakulipata.

"Basi huo itabidi uusahau," akasema. "Hapa tunataka mabonge."

Akanipeleka nyuma ya banda, akanionyesha kilima cha vumbi jekundu linaloelekea weusi. Hicho, akasema, ndicho chakula nitakachopika. Nikauliza jiko liko wapi. Akanionyesha pipa nene la chuma lililosimama juu ya matofali. Nikauliza nani anakula. Akanionyesha tanuri la udongo lililokuwa kimo cha mtu na nusu. Nikafikiri kurudi Rulenge, lakini lori lilikuwa limeshaondoka.

Niwaeleze shida yenyewe, maana bila shida hiyo nisingekuwa na kazi. Wanakijiji walichimba mawe ya chuma kwenye kilima, kama mababu wa Wazinza walivyochimba zamani, wakayaponda kwa nyundo. Mawe yale yalikuwa mabovu kwa namna ya pekee: ukiyagonga yanakupa vipande vichache na vumbi jingi. Vipande ukivitia tanurini pamoja na mkaa, vinayeyuka vizuri. Vumbi ukilitia, linaingia katika nafasi zote kati ya mkaa na mkaa, linaziba, na upepo unaopulizwa kwa mivukuto kutoka chini haupati pa kupita. Moto unakosa pumzi, tanuri linazima, na wahunzi waliokuwa wakisubiri chuma wafue majembe wanaanza kucheza bao.

Kwa hiyo Injinia alijenga lile pipa, ambalo wote tuliliita sufuria. Juu lilikuwa wazi, chini lilikuwa na chekeche la nondo, na chini ya chekeche lilitoka bomba lililokwenda kwenye feni. Feni ile haikupuliza, ilivuta. Tulichanganya vumbi la chuma na chenga za mkaa, chokaa kidogo na maji, tukajaza sufuria, tukamwaga makaa ya moto juu. Feni ikivuta, hewa inaingia kwa juu na kushuka, na moto unashuka nayo taratibu kupitia mchanganyiko wote. Ukifika chini, vumbi limeshikana, limekuwa keki ngumu yenye matundu kama mkate. Keki hiyo tunaivunja, vipande vinaingia tanurini, na tanuri linapumua.

Kwa maneno hivyo ni rahisi. Lakini fikirini: sufuria lenyewe nalo limejazwa vumbi. Kama vumbi linaziba tanuri, kwa nini lisizibe sufuria? Swali hilo ndilo lililonilisha miaka yangu yote.

Injinia alilijibu siku ya pili mbele yetu sote. Alichukua makopo mawili, akayatoboa chini. Moja akalijaza unga wa muhogo, la pili maharage. Akamwita mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Bazili, apulize kopo la maharage kwa juu. Ndugu Bazili alikuwa Msubi mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na alipenda kuitwa mbele kuliko alivyopenda chakula. Akapuliza, pumzi ikatokea chini, tukaihisi kwenye viganja. Kisha akapewa la unga. Akapuliza, haikutoka kitu. Injinia akamwambia inatosha. Ndugu Bazili akaona kama ameambiwa ameshindwa mbele ya wananchi wake, akavuta pumzi zote alizokuwa nazo, akapuliza. Unga haukushuka. Ulirudi.

Tulimtazama mwenyekiti wetu, mweupe kuanzia kwenye nywele hadi kwenye beji.

"Mmeona?" akasema Injinia kwa upole. "Hewa ikinyimwa njia ya mbele, inarudi kwa aliyeituma."

Basi kazi yangu ilikuwa kuugeuza unga uwe maharage. Kila punje kubwa kidogo ilipaswa kuvaa koti la vumbi laini, maji yakiwa ndiyo gundi, mpaka vumbi lote liwe vidonge vidogo na kati ya kidonge na kidonge pabaki njia. Maji yakipungua, vumbi halishikani na feni inalivuta na kulitoa nje kupitia bomba. Nguo zilizoanikwa kijijini zinakuwa nyekundu na unaitwa kwenye kikao. Maji yakizidi, vidonge vinalainika, vinalaliana na kuwa tope, na hewa haipiti kabisa. Kipimo alichonifundisha Injinia ndicho hiki mnachokijua: fumba mchanganyiko katika ngumi, fungua. Ukimwagika, ongeza maji. Ukibaki na alama za vidole vyako huku kiganja kinang'aa kwa maji, umeharibu. Ukibaki bonge, ukaligusa kwa kidole gumba likapasuka, washa moto.

Nilijifunza kwa mwiko wangu mwenyewe hadi ukavunjika. Ndipo Injinia akaleta pipa la mafuta lenye mfuniko, tulijaze mchanganyiko na kulibingirisha ili vidonge vijiviringe vyenyewe. Aliyenisaidia kubingirisha ni Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe zake kutoka upande wa Shinyanga, fundi wa injini ya dizeli iliyozungusha feni. Injini ile aliipenda mno. Aliifunika blanketi jioni. Mke wake alisema waziwazi kwamba blanketi lile lilikuwa la kwake.

Banda letu lilikuwa juu ya mteremko. Asubuhi moja Mzee Masanja alishika kamba ya pipa, mimi nikaondoa jiwe lililolizuia, na kamba ikakatika. Pipa likaondoka. Lilipita kwenye mihogo, likaruka mfereji, likashika barabara ya kijiji kana kwamba linaijua, na chini kule halmashauri ya kijiji ilikuwa imekaa ikijadili utoro kwenye shamba la pamoja. Wajumbe wakatawanyika kila mtu njia yake. Pipa likaingia katikati ya viti, likagonga meza ya mwenyekiti, likatulia.

Tulipofika tunahema, Ndugu Bazili alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Nani ameleta hii?" akauliza.

"Limekuja lenyewe, Ndugu Mwenyekiti," akasema Mzee Masanja.

"Basi ndilo pekee lililohudhuria bila kukumbushwa. Andikeni lipo."

Injinia alifika nyuma yetu na koti lake. Hakumsalimia mtu. Alifungua mfuniko, akachota kiganja, akakitazama kwa muda mrefu. Vidonge vilikuwa vya mviringo, vigumu, vyote karibu kimo kimoja. Hatukuwahi kupata vizuri namna ile.

"Adelina," akaniambia, "hili linaweza kurudiwa?"

Halmashauri ilikataa lisirudiwe barabarani. Tukajenga reli ya magogo iliyozunguka banda, tukalibingirisha humo humo kwa muda uleule wa safari yake, na kuanzia hapo sufuria letu likaanza kuiva vizuri.

Kisha vita vikaja. Tulivisikia redioni, tukaviona barabarani: malori ya askari yakipita kwenda kaskazini, na mabasi, na magari ya watu binafsi yaliyochukuliwa na kupakwa matope yasionekane. Kila kitu chenye magurudumu kilikwenda Bukoba. Majembe yaliyokuwa yakiletwa dukani kutoka mbali yakakoma kuja. Mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia, na kijijini watu walikuwa wanalima kwa majembe yaliyolika hadi yakafanana na vijiko. Wapo waliokuwa na watoto wao mstari wa mbele, wapo waliotoa ng'ombe kwa ajili ya askari. Mashamba yasipolimwa, njaa ingetukuta na vita vikiwa bado. Ndugu Bazili akaitisha mkutano, akatangaza kwamba kijiji hakitangoja jembe la mtu. Kitafua la kwake, na kuwapa na jirani.

Injinia alikuwa amekwenda Mwanza kutafuta mkanda wa akiba wa feni. Ndugu Bazili akaja bandani akiwa na ari ya kuteketeza pori.

"Adelina, hili sufuria linajaa kiasi gani?"

"Mpaka hapa kwenye alama, Ndugu Mwenyekiti."

"Lakini ndani nafasi ni nyingi. Ninaziona, matundu matupu. Tukishindilia, si itaingia mara mbili?"

"Matundu hayo ndiyo njia ya hewa."

"Hewa ni nyembamba," akasema. "Itajibana."

Nilimkumbusha kopo la unga. Akasema lile lilikuwa kopo, hili ni taifa. Akawaita kina mama waje na michi. Wakaja wakiimba, wakashindilia mchanganyiko wangu kama wanaotwanga mtama, na mimi nilisimama pembeni nikiona vidonge vyangu vya asubuhi nzima vinarudi kuwa unga. Kweli, uliingia karibu mara mbili. Mwenyekiti akaupiga kofi kwa juu. Ulikuwa mgumu kama sakafu.

Tukamwaga makaa, Mzee Masanja akawasha injini. Kwa kawaida injini ilikuwa inaguna kama ng'ombe anayekula. Siku hiyo feni ilikosa cha kuvuta, ikazunguka bure, ikalia kwa sauti ya juu. Mzee Masanja akaiwekea injini yake kiganja kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Makaa yalikaa juu, yakatuangalia, hayakushuka. Kisha hewa ikapata ufa mmoja ukutani mwa sufuria, upande wa magharibi, kwa kuwa pale mchi haukufika vizuri. Hewa yote ikakimbilia huko, na moto nyuma yake. Upande ule ukawaka ukilia kama tarumbeta, ukayeyusha nondo mbili za chekeche. Upande mwingine haukupata hata joto.

Tulipolipindua, Ndugu Bazili alizunguka ile keki, kwanza kulia, kisha kushoto.

"Imeiva upande wa Rwanda," akasema hatimaye. "Upande wa Mwanza bado mbichi."

Injinia aliporudi hakupaza sauti. Aliuliza tu mwenyekiti alipataje kufikia uamuzi huo. Ndugu Bazili akaeleza kila kitu, pamoja na ule msemo wake wa hewa kuwa nyembamba. Injinia akavua miwani, akaifuta.

"Ndugu Mwenyekiti, ukiwa na haraka ya kumlisha mtu, unamziba pua?"

"Hapana."

"Basi tuko pamoja," akasema, wakaenda wote wawili kunyoosha nondo.

Nawaambia ukweli, hilo ndilo lililonifanya nimheshimu Ndugu Bazili. Alilala akiwa amekosea, akaamka anabeba nondo, wala hakutafuta mtu wa kumsukumia lawama. Mabosi wengi niliofanya nao kazi baadaye hawakujua kufanya hivyo.

Chekeche lilikuwa ndiyo kwanza limerudi mahali pake lilipokuja lori la jeshi. Akashuka luteni mmoja kijana, mwenye adabu, uso umejaa vumbi la njiani. Akasema wana kambi isiyo na maji, pampu wanayo, injini hawana, na wameambiwa hapa ipo. Hakukuwa na la kubishana. Ndugu Bazili akasema kijiji kinatoa kwa moyo mmoja, na sauti yake ikakwama kidogo kwenye neno moyo.

Mzee Masanja alikwenda nyumbani, akarudi na blanketi, akaifunika injini, na ilipopandishwa lorini naye akapanda akaketi pembeni yake.

"Mzee, shuka," akasema luteni. "Tunachukua injini tu."

"Haiwaki bila mimi."

"Tunao mafundi."

"Waiwashe."

Fundi wa jeshi akajaribu. Akajaribu tena. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mzee Masanja alikaa anatazama mawingu. Hadi leo sijui aliitoa kitu gani, maana mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya magoti. Luteni akacheka, akasema haya, lakini katika karatasi zake hana nafasi ya kumwandika mtu. Mwishowe akaandikwa chini ya injini, kama kipuri. Mke wake alisimama barabarani hadi lori likapotea, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sasa wamekwenda wote watatu: mume, injini na blanketi. Halafu akaingia ndani na hatukumwona siku hiyo.

Tulibaki na sufuria lisilo na pumzi na mvua zikinukia. Injinia akatukusanya mimi na Ndugu Bazili bandani.

"Upepo wenye nguvu hatuna," akasema. "Tutapata dhaifu. Mvutano ukiwa dhaifu, kilichobaki ni kurahisisha njia. Adelina, kazi yote sasa iko kwako."

Ndugu Bazili akauliza huo dhaifu utatoka wapi. Injinia akatazama baiskeli ya mwenyekiti iliyoegemea mlango, mpya, yenye kengele mbili. Ndugu Bazili akafuata macho yake, akaelewa, akafumba macho kidogo, akasema, "Ichukueni."

Wakazipanga baiskeli tatu, magurudumu ya nyuma yameinuliwa juu ya vigogo, mikanda ya ngozi ya ng'ombe ikienda kwenye mhimili wa feni. Mimi nikaanza upya na mchanganyiko. Nilichekecha vumbi laini zaidi nikaliweka kando, nikalirudisha kidogo kidogo. Vipande vidogo vya keki za zamani nilivichanganya humo, maana kila kipande kilikuwa mbegu ya kidonge. Chini kabisa nikatandika vipande vikubwa ili vumbi lisianguke katikati ya nondo. Na badala ya kujaza hadi alama, tulijaza kina cha nusu tu. Kila hatua ilikuwa ya kumwondolea mwendesha baiskeli mzigo.

Jaribio la kwanza likashindikana. Moto ulianza vizuri, ukashuka mpaka katikati, ukasimama. Watu wakapiga pedali hadi miguu ikatetemeka. Tulipomwaga, juu ilikuwa keki nzuri na chini ilikuwa tope. Nilikasirika, karibu nilie. Maji yangu nilikuwa nimeyapima kwa ngumi. Hayakuwa mengi hata kidogo.

"Tope hili silo langu," nikamwambia Injinia. "Mimi sikutia maji haya."

Akaligusa, akanusa vidole.

"Kweli, hukuyatia. Yametoka juu. Moto unachemsha maji ya tabaka la juu, mvuke unavutwa chini, unakuta mchanganyiko wa baridi, unageuka maji tena. Umeona mfuniko wa sufuria ya wali unavyotoa jasho?"

"Naona kila siku."

"Chini mwa sufuria letu kuna jasho. Injini ilikuwa na nguvu ya kupita hapo. Miguu haina."

Nikaligusa tope lile tena. Kisha nikasema kwamba mfuniko hautoi jasho ukiwa wa moto. Injinia akanitazama, akatabasamu. Nadhani alikuwa amelifikia wazo lilelile hatua moja kabla yangu na akaningoja. Kesho yake kina mama wakachemsha maji kwenye masufuria ya harusi, na Injinia akaleta chokaa mbichi, ile inayochemka yenyewe ikiguswa na maji. Tulichanganya mchanganyiko ukafuka moshi, tukaubingirisha ukiwa wa moto, tukaukimbiza hadi kwenye sufuria tukiwa tumefunga viganja vitambaa. Mkono wa kupima ulikuwa wangu. Alama ya kuungua iliyopo kwenye kidole gumba changu, ambayo mliniuliza mara nyingi, ni ya siku hiyo.

Ndugu Bazili alipanda baiskeli yake mwenyewe. Akaanza kupiga pedali, na wengine wawili pembeni yake, katekista wa kijiji na mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa na miguu yenye nguvu kuliko ya wanaume wote. Feni ikaanza kuvuma. Sikupata kusikia sauti iliyonipendeza kama ile, ndogo na ya chini, ya feni iliyopata cha kuvuta. Makaa ya juu yakageuka meupe. Injinia akaweka kiganja kwenye ukuta wa sufuria, akakishusha kidogo, akangoja, akakishusha tena. Moto ulikuwa unateremka sawasawa pande zote.

"Unafika?" akauliza Ndugu Bazili, jasho likimdondoka kidevuni.

"Unafika," akajibu Injinia.

"Niache?"

"Usiache."

Wengine walibadilishana. Yeye alikataa kushuka. Alipiga pedali hadi bomba la chini likawa la moto, ndiyo alama ya kwamba moto umefika. Ilibidi ateremshwe na watu wawili. Tukapindua sufuria, keki ikaanguka nzima, nyekundu kwa ndani, matundu yake yanapumua moshi. Nikaigonga kwa nyundo ikalia kama chungu kizima.

Tulifanya hivyo siku baada ya siku. Tanuri likala keki zetu, wahunzi wakaacha bao, na majembe yakaanza kutoka. Hayakuwa mazuri. Mengine yalikuwa mazito hata aliyelima nayo alihesabiwa kama amelima na kubeba mizigo. Lakini yaliingia ardhini. Mvua zilipoanguka, mashamba yetu yalikuwa wazi, na ya kijiji jirani pia. Faida nyingine ilikuja bila kutarajiwa: Ndugu Bazili hakuweza kuketi, akawa anaendesha mikutano kwa kusimama, na mikutano ikawa mifupi. Wananchi waliupenda mradi kuliko wakati wowote.

Vita vilipokwisha, malori yalianza kurudi. Mengine yalirudisha watu wakiimba, mengine yalisimama mbele ya nyumba na kilio kikafuata. Mke wa Mzee Masanja alikuwa akitoka kila aliposikia lori, anasimama, anarudi ndani. Hakumuuliza mtu kitu. Sisi nasi tulijifunza kutotazama upande wake.

Mzee Masanja alirudi mchana, wakati tukiwa tumewasha. Lori lilisimama chini ya mteremko, akashuka, amekonda, suruali ya kijeshi imefungwa kwa kamba, na nyuma yake askari wanateremsha injini. Mke wake alifika kabla yetu. Hakumkumbatia, mbele za watu, kwa umri wao, haikuwa desturi. Alilishika tu shati lake kwenye kiwiko, na hakuliachia njia yote ya kupanda hadi bandani.

Ndugu Bazili alikuwa juu ya baiskeli. Moto ulikuwa katikati, hakuweza kuacha. Akageuza shingo tu.

"Masanja. Karibu. Samahani siwezi kushuka."

Mzee Masanja akatazama baiskeli, mikanda ya ngozi, feni inayozunguka. Akaja kwangu, akatia mkono kwenye karai la mchanganyiko, akafumba ngumi, akafungua, akaligusa bonge kwa kidole gumba. Likapasuka vizuri.

"Mmeendesha hivi muda wote?" akauliza.

"Muda wote," nikasema.

Akajinasua polepole kutoka mkono wa mkewe, akasogea hadi mbele ya gurudumu la mwenyekiti, akabana visigino, akampigia saluti. Ndugu Bazili, mtu wa mikutano, mtu wa maneno, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Akainua mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika usukani, akaijibu saluti ile hivyo hivyo, miguu ikiendelea kuzunguka. Tulikuwa watu wa kucheka sana pale bandani, tulicheka hata misibani. Siku hiyo hakucheka mtu.